Zamu za Mtunzi

Saa mbili asubuhi mwimbaji alifungua mkoba wa gitaa kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu, akaweka kopo la maziwa ya unga mbele yake, akakaza uzi wa tatu uliokuwa na tabia ya kulegea, akaanza. Aliimba wimbo wa mama yake. Mama alikuwa dobi wa hospitali miaka thelathini na moja, na madobi wale walikunja mashuka wawili wawili: huyu anashika pembe hizi, yule zile, wanavuta, wanasogeleana, wanapokezana. Wimbo ndio uliopanga hatua. *Nipe pembe nikupe pembe, shuka halina mwenyewe.* Ukikosea wimbo shuka linagusa sakafu, na likigusa sakafu linarudi kufuliwa upya.

Mama alikufa Alhamisi. Jumatatu iliyofuata alikuja kumsikiliza binti yake. Alikaa ngazi ya tatu, akavua viatu, akanyoosha miguu. Wapita njia walimkwepa kama wanavyomkwepa mtu yeyote aliyekaa ngazini.

"Shikamoo mama," alisema muuza kamba za viatu. "Huko mliko mnapumzika lakini?"

"Marahaba mwanangu. Kupumzika ndiyo kazi pekee tuliyopewa."

"Basi niwekee nafasi."

"Uza kamba kwanza. Haraka ya nini?"

Mama alikuja alipotaka, akaondoka alipotaka. Siku nyingine alikosoa. "Ubeti wa pili umeukimbiza. Shuka lingeshaanguka hilo."

Kisha akaja mtu wa kampuni ya muziki, akasimama hadi wimbo ukaisha. Haukupita mwezi wimbo ukarekodiwa, na mwimbaji akakalishwa mbele ya mkataba wa kurasa kumi na tisa. Palikuwa na nafasi iliyoandikwa *Mtunzi*. Wengine hapo hujiandika wenyewe bila hata kupepesa. Yeye aliona haya. Hakutaka kuwa mwizi wa mama yake mzazi. Akaandika jina la mama, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika, akalia kidogo kwa furaha.

Hakuna aliyeuliza kama mtunzi yu hai. Kifungu cha kumi na nne kilisema mtunzi atahudhuria kila mahali wimbo utakapopigwa au kuimbwa. Cha kumi na tano kilisema mwimbaji hatauimba popote nje ya maonyesho ya kampuni. Aliporudi ngazini kuwaaga wasikilizaji wake wa zamani, alipofika kwenye wimbo ule mdomo wake ulitoa hewa tu. Muuza kamba alimpa pole, akaendelea kupanga kamba zake.

Wimbo ulipendwa. Ulipigwa saluni, kwenye lifti, kwenye simu za watu, kwenye tangazo la sabuni. Mama alifika kote. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuchelewa kazini, na hakuona sababu ya kuanza sasa. Vinyozi walimzoea. Walimvutia kiti akakataa, kwani mtu wa zamu hakai. Wimbo ulipopigwa mahali ishirini kwa mpigo, yeye akawahi mahali pamoja tu, kwingine kote aliandikiwa utoro, na zamu za kufidia zikaongezwa. Barua ya onyo ilipelekwa kaburini na tarishi, ambaye aliibana kwa jiwe ili isipeperuke.

Kwenye maonyesho mwimbaji alimwona nyuma ya ngoma, aproni kiunoni, amekonda. Marehemu hawakondi hivi hivi.

"Mama, pumzika kidogo."

"Wewe imba, mwanangu. Nina pengine pa kuwahi."

Mwimbaji alikwenda ofisini. Karani alikuwa mpole.

"Kumwondoa mtunzi si kazi, dada. Aje mwenyewe aweke dole gumba."

Simu ya karani ikaita kwa wimbo ule ule, na mama akaingia. Alikandamiza dole kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Karatasi ikabaki nyeupe. Karani akaleta wino wa bluu, kisha mwekundu. Nyeupe.

"Pole mama. Wewe ni mtu wa kazi, unaelewa. Bila alama mikono yangu imefungwa."

"Naelewa," mama alisema, akafuta mkono kwenye aproni, akatoka mbio.

Mwimbaji akaacha kuuimba jukwaani. Watazamaji wakauimba wenyewe, tena kwa sauti nzuri.

Jumamosi moja mchana alikuwa jikoni akichambua maharage. Binti yake wa miaka minne, aliyeitwa Chiriku kwa kutofunga mdomo, alikuwa sakafuni akiivisha chupa soksi. Chiriku akaanza kuimba mistari miwili ya wimbo, ndiyo aliyoijua. Mlango ukafunguka, bibi akaingia akihema.

"Nimewahi?"

"Umewahi, mama."

"Bibi, mbona unahema kama umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa kweli, mjukuu wangu. Imba."

Mwimbaji aliweka sinia chini. Jambo lilimjia polepole. Chiriku hakusaini karatasi yoyote. Maadamu anaimba, mama yuko zamu hapa hapa jikoni, kihalali, wala hawezi kuitwa kwingine.

"Imba tena, mwanangu. Taratibu."

Chiriku akaimba. Bibi akaegemea mlango, akafumba macho kwa mara ya kwanza tangu mkataba. Mara ya kumi. Mara ya thelathini. Mwimbaji alimpa mtoto maji, akampa kijiko cha asali, akampakata, akamwahidi ndala mpya. Usingizini uso wa bibi ulianza kurudi kuwa uso wake.

"Mama, nimechoka."

"Mara moja tu, kipenzi."

"Mara moja ya ngapi?" Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka.

"Imba, nimesema!"

Bibi akafumbua macho. Alimtazama binti yake bila hasira.

"Mwache mtoto," alisema. "Asianze mapema hivi."

Alimgusa Chiriku utosini, akakaza kamba za aproni. Alipokuwa amelala, zamu za kufidia zilikuwa zimefika arobaini na mbili. Akaanza na ya redio ya jirani, kwa kuwa ilikuwa karibu.