Kurasa Arobaini za Kobe

Mkuu wa idara alitaka orodha ya mielekeo ya utafiti kabla ya saa sita mchana, na mwelekeo usio na watu wawili ungefutwa; mtu wa chuo kingine aliruhusiwa pia. Mtafiti wa maada isiyoonekana, ile inayoshikilia nyota zisitawanyike, alikuwa peke yake mwaka wa tatu sasa. Mwenzake, aliyemwita Kobe kwa jinsi alivyokokotoa taratibu, alihamia chuo cha mbali. Kobe naye alimwita Bi Haraka. Jamani, alivyolitamani jina hilo! Hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Waligombana kwa sababu ya alama ya kutoa, watu wazima na akili zao. Katika hesabu hizi lazima ama wakati ama nafasi ipewe alama hiyo. Kobe aliupa wakati, Bi Haraka akaipa nafasi. Yote sawa, mradi wote mshike mtindo mmoja. Wakabishana weee, kila mtu kashupaa, kisha wakagawana kazi nusu kwa nusu. Siku ya kuunganisha, chembe waliyokuwa wakiitafuta ikatoka na uzito chini ya sifuri, jambo lisilowezekana. Kila mmoja akasema mwenzake ndiye aliyekosea, wakanuniana mpaka Kobe akafungasha.

Basi asubuhi hiyo Bi Haraka alijikaza akalishusha faili la hesabu zao ili alitupe. Kurasa za Kobe hakuwahi kuzigusa tangu ugomvi. Akaupeleka ukurasa wa kwanza dirishani, akaona alama za ufutio chini ya penseli. Kobe alikuwa ameugeuza mtindo wake ukawa wa Bi Haraka, kurasa zote arobaini. Akaketi. Maana kabla ya siku ile ya kuunganisha yeye naye, kimyakimya, alikuwa amegeuza zake zote ziwe za mtindo wa Kobe, hivyo zikapishana tena. Angeanzaje kusema, na maringo yale?

Akapiga simu.

"Kobe, kumbe uligeuza."

"Nilitaka ufurahi."

"Na mimi niligeuza zangu."

Bi Haraka akasikia kiti kikivutwa upande wa pili. Akamwambia kwamba amemkumbuka kila siku ya Mungu, kisha akamweleza habari ya orodha. Kobe, polepole kama kawaida yake, akasema jina lake liandikwe, na hesabu waanze upya kwa mtindo wa Bi Haraka. Bi Haraka akasema hapana, wa Kobe. Wakaanza tena kubishana.

"Wowote ule, Kobe," akasema, machozi yanamtoka. "Ila safari hii niambie."