Shati Lililolowa

Kabla mtu hajapewa shati la Kongo, kapita Casimir, msimamizi wa Serikali, alimnusa makwapa kwanza.

"Weye, rudi mu maji," akamwambia Bonaventure. "Shati ya Serikali haivaliwe na harufu ya ndagala."

"Kapita, mi ni muvuvi. Unataka ninuke marashi?"

"Rudi!"

Bonaventure akarudi ziwani kujisugua kwa mchanga, huku akisonya. Wenzake walibaki kwenye mstari pale ufukweni Baraka, vifua wazi, mikono juu, wanaume wazima wenye wake na watoto, wakingoja zamu ya kunuswa. Wote walikuwa wavuvi wa rasi ya Ubwari. Zuberi, nahodha wao, yule anayekaa nyuma ya mtumbwi na kuuongoza, alikuwa wa mwisho. Alinuswa, akapita, akakabidhiwa shati jeupe lenye neno KONGO kifuani. Lilimbana mabegani, lakini alilifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Ni ya kuazima," kapita aliwakumbusha. "Mukishinda, munabaki nayo. Mukishindwa, munatoa hapa hapa, mbele ya bantu bote. Bwana Mukubwa njo amesema vile."

Ilikuwa siku ya mwisho ya Michezo ya Ziwa. Kongo, Urundi na Tanganyika zilikuwa zimeshindana wiki nzima kule Usumbura, na sasa zilibaki mbio za mitumbwi tu, hapa Baraka. Na hiyo wiki, jamani, ni afadhali isingekuwapo! Wacheza mpira wa Kongo walivishwa viatu asubuhi ya mechi, mara ya kwanza tangu wazaliwe, wakawa wanachechemea uwanjani huku Tanganyika wakifunga magoli wanavyotaka. Katika kuvuta kamba waliburutwa kama mbuzi wa sokoni. Bondia alianguka, akaona ni bora alale hapo hapo. Mkimbiaji wao, Henri, kijana wa kambi ya vibarua wa pamba, ndiye aliyechekesha Usumbura nzima. Filimbi ya kuanza ilipolia, wenzake walichomoka. Yeye alisimama wima, mikono mapajani, macho mbele. Kambini kwao filimbi ni ya kupanga mstari na kuhesabiwa. Ole wake anayesogea! Basi Henri hakusogea. Alipigiwa kelele akimbie, akakimbia, wenzake walikuwa wameshafika.

Matokeo yote yalikuwa yameandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi, na ubao umesimamishwa pale mchangani ili kila mtu auone. Urundi ilikuwa na ushindi wake, Tanganyika ilikuwa na wake mwingi zaidi. Chini ya Kongo palikuwa na sifuri kubwa. Watu wa Baraka walioletwa kushangilia, wamepewa vibendera vya karatasi, waliutazama ule ubao na kugeuza nyuso, wakaona haya kana kwamba wao ndio waliofungwa. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyewavisha watu viatu asubuhi ya mechi.

Zuberi hakujali sana ubao. Yeye alikuwa na lake. Mkewe, Waridi, alikuwa mtu wa Rumonge, ng'ambo ya ziwa, upande wa Urundi. Alikwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama mila inavyotaka, na alipotaka kurudi polisi wa bandarini wakamzuia: hana ruhusa ya kukaa Kongo. Zuberi alipanda Fizi mara kwa mara kuomba ruhusa hiyo, akakalishwa juani nje ya ofisi, akaambiwa arudi kesho. Mtoto wake alikuwa amekwisha kuota meno, naye hajamwona. Halafu juzi Bwana Mukubwa mwenyewe, mkuu wa eneo zima la Fizi, alikuja Ubwari kutafuta wapiga makasia.

"Wewe shinda," alimwambia, "mimi natia muhuri. Bibi yako atabakia Baraka siku ile ile."

Na leo Waridi alikuwa hapo hapo. Alikuja na meli pamoja na wageni wa Urundi. Walikuwa wamewekwa nyuma ya kamba, polisi anawalinda, na Zuberi alimwona kutoka mbali, kitenge cha manjano, mtoto mgongoni. Alitaka kumkimbilia, lakini polisi alinyoosha fimbo: baada ya mbio.

Mitumbwi ya wageni ikasogezwa majini. Zuberi alitazama wa Urundi ili aone nahodha wake ni nani.

"Bona," alinong'ona. "Ule muzee pale nyuma. Ni Muzee Ramazani."

"Ramazani gani?"

"Baba ya bibi yangu."

"Eeh mama yangu!" Bonaventure alishika mdomo.

Wavuvi wa pande zote mbili wanalijua jambo hili, nalo halina mjadala. Mkwe wako hupiti mbele yake. Hukai naye uso kwa uso, huli mbele yake, humwonyeshi mwili wako. Mkikutana ziwani, wewe unapunguza mwendo, unajificha pembeni, mpaka yeye apite. Ukimpita umemvua nguo hadharani, na anaweza kumrudisha binti yake nyumbani asitoke tena.

Zuberi alimwendea kapita. "Kapita, naomba unibadilishe. Niweke mbele, mwengine aongoze. Mukwe wangu iko mu mutumbwi ya Urundi."

Casimir alikuwa mtoto wa huko huko Ubwari. Alielewa mara moja, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtu wa kijijini. Kisha akamtazama Bwana Mukubwa, aliyekaa chini ya turubai na Wazungu wa Usumbura na Mwingereza mmoja wa Kigoma.

"Leo haiko bakwe," alisema. "Leo iko Kongo na Urundi. Ingia mu mutumbwi."

"Lakini, kapita..."

"Unataka ruhusa ya bibi ama hautaki?"

Zuberi akaingia.

Bunduki ikalia. Mitumbwi ikaruka. Wavuvi wa Ubwari hawajui kucheza mpira wenye viatu, lakini kasia wanalijua toka tumboni. Bonaventure alianzisha wimbo, wenzake wakaitikia, na ufukwe mzima, ambao ulikuwa umekaa kimya kama matangani, ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Tanganyika wakaachwa nyuma. Walizunguka pipa la kugeuzia, wakaanza kurudi, na mbele yao ukabaki mtumbwi mmoja tu, wa Urundi, na mgongo wa Mzee Ramazani.

Walikuwa wanaukaribia. Zuberi aliiona kofia yake nyeupe, akaziona hata mvi za kisogoni.

"Pita, Zuberi!" Bonaventure alipiga kelele. "Tunabapita hawa! Funga macho, upite!"

Akili yote ya Zuberi ilikuwa kwa Waridi. Apite, apate muhuri, mke abaki leo leo. Apite, mzee amchukie, mke asitoke tena. Aibu ilimshika huku na huku, akahisi shati linamnyonga. Ndipo mtumbwi wa mzee ukapinda ghafla kushoto. Zuberi alijua jambo moja tu: mkwe akigeuka, wewe unaficha uso. Mkono wake ukafanya kabla hajafikiri. Akabana kasia, mtumbwi wa Kongo ukakata kulia, mbali na njia, ukaelekea kwenye matete.

Katikati pakabaki maji matupu. Tanganyika wakapita hapo wakiimba. Urundi wakanyoosha, wakafika wa pili. Kongo wakatoka kwenye matete wakiwa wa mwisho, na vibendera vyote vilikuwa vimeshushwa.

Bwana Mukubwa alikuja mpaka kwenye maji, uso mwekundu. "Wewe! Sababu gani?"

Ni kapita aliyejibu, kwa Kifaransa, akionyesha huku na kule. Wazungu wa Usumbura walisikiliza, kisha wakacheka. Mwingereza alitafsiriwa, naye akacheka mpaka akavua kofia. Bwana Mukubwa hakucheka. Wageni wake walikuwa wanamcheka yeye.

"Bwana," Zuberi alisema kwa sauti ndogo, "ile ruhusa..."

"Ruhusa? Ruhusa ya nini?" Akageuka na kurudi chini ya turubai. "Kapita! Mashati!"

Wenzake walianza kufungua vifungo pale pale, mbele ya Baraka nzima. Bonaventure alivua lake akalitupa mchangani bila kumtazama Zuberi. Zuberi alishika kola. Wapiga makasia wa Urundi walikuwa wanashuka karibu yao, na Mzee Ramazani alikuwa miongoni mwao, amegeuza uso kwa adabu.

"Toa," kapita alisema.

"Siwezi. Muzee iko hapa. Ngoja aende."

"Toa, ama polisi atakutoa yeye."

Polisi alikuwa amekwisha kusogea, fimbo mkononi. Zuberi aliwatazama wote wawili. Halafu akarudi kinyumenyume ziwani, maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Akajikunja, akalivua shati chini ya maji, akalikunjakunja, akalirusha ufukweni. Likaanguka miguuni pa kapita kwa kishindo cha tambara.

Polisi alitazama buti zake, akabaki alipo.

Meli ya wageni ikapiga honi. Watu wa Urundi wakaanza kupanda, wakihesabiwa mmoja mmoja. Waridi alichepuka, akaingia majini na kitenge chake mpaka mapajani, mtoto amemhamishia kifuani.

"Toka, Zuberi. Uone mutoto."

"Sina shati. Baba yako ananiona."

"Baba amegeuka."

"Atageuka tena."

Waridi akamfuta mtoto pua. "Baba anauliza, sababu gani haukupita?"

"Ningempita namna gani? Mukwe wangu!"

"Alikuachia njia!" Sauti yake ilipasuka. "Angeinua kasia kukuruhusu, bale benzake bangemwona. Njo akapinda mutumbwi kama vile amekosea, ili upite moja kwa moja. Alijua habari ya ruhusa, mi nilimwambia. Muzee mwenyewe amekubali umupite, Zuberi. We ukakimbilia mu matete!"

Zuberi alitamani maji yamfunike kabisa.

"Baba angenuna mwezi moja, akanyamaza," Waridi alisema. "Ule Muzungu atanuna mpaka lini?"

Zuberi akanyoosha mkono, akaushika mguu wa mtoto. Ulikuwa na joto, na vidole vyake vilikuwa vya kwake kabisa, vile vifupi vilivyoachana. Mtoto akashtuka kwa ubaridi wa mkono, akaangua kilio, akajificha kwa mama yake.

"Hakujui," Waridi alisema polepole. "Atakujua."

Honi ikalia tena. Polisi akaita. Waridi akarudi ufukweni, kitenge kinachuruzika maji, akahesabiwa pamoja na wengine, akapanda. Meli ikaondoka. Mzee Ramazani alisimama pale nyuma, ameushika ukingo wa meli, na sasa alikuwa anatazama Baraka.

Kapita alikuwa ameshakunja mashati yote, moja juu ya jingine. La mwisho alilishika kwa vidole viwili, likidondoka maji.

"Zuberi! Hii moja imelowa. Kesho utaniletea imekauka, na imepigwa pasi."

Ubwari yote haina pasi hata moja, na kapita alilijua hilo.

"Ndiyo, kapita," Zuberi akaitikia kutoka majini, na hakutoka, kwa sababu kofia nyeupe ilikuwa bado inaonekana.