Tiki ya Uvujaji

Usiku wa kuamkia leo niliota greda langu limenikalia kikao. Mimi ni opereta wa mtambo huo wa kusawazisha barabara, mwaka wa kumi na moja huu, na ndoto zangu kwa kawaida ni za kula tu. Sasa nafika yadi asubuhi, nakuta taa zake zimevaa miwani na fomu yangu ya ukaguzi iko mbele yake.

"Ngaweje," linaniambia, "hii tiki ya 'hakuna uvujaji' uliiweka saa ngapi?"

"Kabla ya chai."

"Uliinama?"

Sikuinama. Tangu mfungo uishe sijainama. Nasimama mbali, naweka tiki, nawasha. Wengi ndivyo tulivyo, asinicheke mtu.

"Basi leo zunguka mara moja, taratibu, kama fomu inavyosema."

Nazunguka. Tairi la kwanza, la pili, la tatu. Baada ya la tatu nakuta jiko letu, ndoo, kanga za Somoe kwenye kamba. Somoe ni mke wangu. Ana mimba ya miezi saba, na mbili zilizotangulia ziliharibika. Naendelea kuzunguka, maana fomu haijasema nisimame.

Chumbani, kijiti cha kupimia oili kimekaa kitandani, kimekunja nne.

"Punguza sauti, mama amelala," kinasema. "Jana ulimuuliza nini?"

"Kama yuko sawa."

"Ulimuulizia wapi?"

"Mlangoni."

"Akasema yuko sawa, ukaweka tiki."

Aibu ikanishika. Nampenda mno mke wangu, na ndiyo maana naogopa kumtazama vizuri.

Kipande cha boksi, kile tunachotandika chini ya greda jioni ili kinase matone, kinajivuta kutoka uvunguni. Kina doa. Nanusa. Si oili, si dizeli, si maji ya rejeta. Halina hata rangi.

"Mimi kazi yangu kulowa tu," boksi linasema kwa upole. "Kuinama ni kazi ya opereta."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Somoe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo.

"Uko..." nikaanza, nikajizuia. Nikashuka, nikapiga magoti, nikawasha tochi ya simu. Mkeka chini ya miguu yake ulikuwa na doa, dogo tu. Nikanusa. Halikuwa na rangi.

"Niko sawa, mume wangu. Jasho hilo. Nenda kazini, utachelewa."

"Sijakuuliza, Somoe. Nakagua. Maji haya yameanza lini?"

Sauti ikamtoka kidogo. "Jana mchana. Niliogopa kusema. Nikisema, itakuwa kweli."

"Hata mimi naogopa," nikamwambia, nikamfunga kanga.

Njiani kwenda hospitali nilimpigia msimamizi simu, nikamwambia leo greda halitoki. Akauliza lina tatizo gani. Nikamwambia greda ni zima kabisa, na lina adabu kuliko mimi.

Sasa niko kwenye benchi la hospitali. Daktari amesema tumewahi, mtoto anacheza, na Somoe atalala hapa mpaka watakaporidhika. Wananiruhusu kuingia kila baada ya muda. Naingia, sisimami mlangoni. Nafika mpaka kitandani, nainama.