Sufuria za Naibu Mkuu

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kweli iliyofuliwa ikasuuzwa ikaanikwa juani. Wanaonijua watasema natia chumvi. Sawa, nimewahi kutia chumvi, na siku nyingine hata pilipili, lakini si leo. Na ili msinisumbue naweka kiapo: ukipatikana uongo humu, hata wa ukubwa wa punje ya mchele, nitaosha sufuria za nyumba hii mpaka siku ya kuzikwa. Mke wangu ameketi mkabala nami anadarizi foronya, na kiapo amekisikia. Ameitikia, "Mm." Wanaume waliooa wanaujua uzito wa "mm" ya namna hiyo.

Kabla sijastaafu nilikuwa mkurugenzi wa Muhula wa Nje. Jina kubwa, lakini kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila muhula chuo kilinikabidhi wanafunzi kumi na wawili, nikawatoa kwenye mabweni yao yenye bustani na kengele, nikawaleta mjini katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha kuchapa magazeti. Mchana kila mmoja alikwenda kujifunza kazi mahali nilipomtafutia: huyu redioni, yule mahakamani, mwingine kwenye maabara ya kupima maji. Jioni tulizunguka meza ndefu, tukasoma, tukabishana, tukala. Mimi nilikuwa kama mshenga. Ilinipasa nijue bosi gani anafoka lakini anafundisha, na bosi gani ana tabasamu tamu lakini hana kazi ya kumpa mtu. Nikikupeleka mahali, ujue nimekupima kuanzia utosini hadi unyayoni.

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja, na mwanzilishi wake ni mimi. Kabla ya chakula cha jioni, kila mtu anasimama na kueleza kosa alilolifanya kazini siku hiyo. Kosa hasa, lenye kichwa na miguu. Anayedai hakukosea anakula kama wenzake, ila sufuria zote ni zake. Kwani anayerudi kazini bila kosa, ama hakufanya kazi, ama anatudanganya, na wote wawili dawa yao ni masizi. Hata mimi nilisimama. Makosa yangu yaliwachekesha kuliko ya wote, na mengine nilikuwa nimeyafanya kweli.

Sasa nimlete adui yangu. Naibu Mkuu wa chuo tulimwita Pasi, kwa kuwa suruali yake ilikuwa na mstari unaoweza kukata mkate. Alitembea kama mtu anayeogopa kupinda magoti. Muhula mmoja nilimpeleka binti mmoja, mwanafunzi wa uongozi, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kuu. Nyumbani tulimwita Povu. Alikuta mashuka ya wodini yakipotea kila wiki; akapanga upya mwendo wa matoroli, na hata wagonjwa wakatambua kuna mtu mpya. Aliporudi chuoni, Pasi akaisukuma ripoti ya kazi yake pembeni kwa ncha ya kalamu, mbele ya wenzake.

"Chuo hiki hakitoi digrii ya kufua," akasema.

Muhula mzima ukafutwa. Binti akarudia mwaka. Alikuja ofisini kwangu na hakulia, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema tu, "Mwalimu, si ulinipeleka wewe?" Akafunga mlango taratibu.

Kuanzia siku hiyo nikawa na kaa la moto kifuani. Nilikula nalo, nikalala nalo. Mke wangu alidhani ni kiungulia.

Povu alimaliza masomo, hospitali ikamchukua, na baada ya muda akawa msimamizi wa chumba kilekile. Na Pasi naye akaamua kuifunga programu yangu. Alikuwa ameitamani nyumba ile iwe mapumziko ya wakubwa wanapokuja mjini. Siku ya kikao cha baraza akasimama, akajirekebisha tai.

"Mwenzetu huyu anaendesha shirika la kuchemsha chai na kufua nguo. Vijana wanakwenda kuchezea ndoo, tunawapa alama. Kazi hiyo hata mimi naiweza, tena nimefumba macho!"

Meza nzima ikacheka. Nikacheka nao, mpaka nikafuta machozi. Kisha nikamvisha kilemba cha ukoka.

"Naibu Mkuu anajishusha mno," nikasema. "Mtu wa kiwango chake akiifanya wiki moja tu, sisi sote tutabaki kujifunza."

Mama Mkuu wa chuo hakuwa mtu wa kuacha maneno yaning'inie. Akavua miwani. "Sawa kabisa. Naibu, nenda ukakae wiki moja kama mwanafunzi. Ukirudi utatuambia tufunge au tuache."

Pasi akatafuta mahali pa kutokea. Hapakuwepo. Alikuwa amejifungia mlango mwenyewe, na ufunguo kaumeza.

Alifika na masanduku mawili na suti kwenye kiango. "Ofisi yangu iko wapi?"

"Hospitali kuu, Naibu."

"Ah. Utawala."

"Shuka chini kidogo ya utawala."

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi. Joto lilikupokea mlangoni kama shangazi mnene: linakukumbatia na halikuachii. Mashine sita zilinguruma, mvuke ukatiririka kutani, na katikati alisimama Povu, mikono kiunoni. Pasi alimtazama, akatazama dari, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nasoma tangazo la kuzuia moto, kwa makini sana.

Povu hakutabasamu wala hakununa. Akampa aproni na glavu. "Karibu, baba. Hapa tuna sheria moja. Kila kipande kipite mikononi mwako kabla hakijaingia mashineni. Unakikunjua, unapapasa mifuko, ndipo unakitia. Kila kipande."

"Nimekuelewa, binti."

"Kazini naitwa msimamizi."

Nilitoka pale nikiruka ngazi mbilimbili, mimi na magoti yangu haya.

Jioni ya kwanza vijana walisimama mmoja mmoja. Wa redioni alikuwa amemkatiza waziri ili asome hali ya hewa. Wa mahakamani alikuwa amemwita hakimu "kaka". Zamu ya Pasi ikafika.

"Mimi leo sikukosea popote," akasema, akakunjua kitambaa cha kujipangusia.

"Sufuriaaa!" meza nzima ikaimba.

Alidhani ni utani. Nikampa sponji.

Jioni ya pili hakukosea. Ya tatu hakukosea. Na sijui ni mkosi gani ulikuwa umeingia jikoni wiki ile, kwani kila aliyeshika zamu ya kupika aliunguza. Wali uliganda chini kama lami. Maharage yalishika sufuria kana kwamba yamefunga nayo ndoa. Niliwakemea vijana, nikiwa baba wa nyumba: "Jamani, msiunguze sana." Wao wakasikia lile neno la mwisho tu, wakaendelea. Pasi alisugua mpaka mstari wa suruali ukapotea, na nilipopita nyuma yake na kikombe changu cha chai nilisikia kaa langu la kifuani likipoa, tss, kama limemwagiwa maji.

Lakini halikuzimika. Kila nilipomkumbuka binti akifunga mlango taratibu, liliwaka upya. Nilitaka aseme. Mtu anayeosha sufuria bila kukiri kosa ataoga, atarudi chuoni, atafunga programu, atapiga suti yake pasi upya. Na alikuwa ameanza kutamba. Siku mbili kabla ya wiki kwisha aliniambia, mikono imejaa povu, "Mkurugenzi, nimeona ya kutosha. Nitafunga. Tena kwa furaha."

Basi nikafanya ziara ya ukaguzi. Mkurugenzi ana haki ya kuwatembelea watu wake kazini. Nyumbani kwangu kulikuwa na shali moja nyekundu inayochuja rangi vibaya sana. Ukiifua peke yake beseni linakuwa kama damu ya ng'ombe. Niliikunja nikaiweka ndani ya koti. Nikashuka chumba cha kufulia, nikamsalimia huyu, nikamsifia yule, na nilipopita karibu na toroli lililojaa makoti meupe ya madaktari, shali ikateleza. Shali huteleza, mnajua.

Nakiri nilimpa nafasi. Angekunjua kila kipande, angeiona. Lakini nilisimama nyuma ya nguzo nikamwona: hakutaka kugusa nguo za watu. Aliinua toroli, akalimwaga lote mashineni kama takataka, akafunga mlango kwa kiwiko, akabonyeza maji ya moto.

Kesho yake hospitali nzima iliamka rangi ya waridi. Madaktari walipita wodini kama maua yenye mabomba ya kusikilizia. Mgonjwa mmoja aliyetoka kwenye nusukaputi alidhani amekwisha kufika peponi, akaanza kuwaomba malaika msamaha kwa majina. Mzee aliyekuwa hajasema neno tangu alazwe alicheka mpaka akaomba uji. Daktari mkuu wa upasuaji, mtu wa kutisha, aliingia kikaoni na koti lake la waridi, na kwa mara ya kwanza watu wakapata ujasiri wa kumwomba likizo.

Jioni ya mwisho ya wiki, desturi yetu ilikuwa kuwaalika wasimamizi. Povu alikuja, akaketi upande wa pili wa meza, uso kwa uso na Pasi. Jikoni tulikuwa na sufuria saba, na zile saba sitazieleza. Pasi alikuwa ameziona. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni.

Zamu yake ikafika. Akasimama.

"Mimi sikuweka kitu chekundu," akasema.

Na hiyo, wasomaji wangu, ilikuwa kweli. Nilitazama sahani yangu kwa uso wa mtawa.

Povu akauliza, "Nani amekuuliza kuhusu kuweka? Kilipita mikononi mwako?"

 Tukasikia mitambo ya magazeti ng'ambo ya ukuta, dum-dum, dum-dum.

"Naibu, kilipita au hakikupita?"

Akatazama upande wa jikoni. Akatazama vidole vyake. "Hakikupita."

"Kwa nini?"

"Sikutaka kushika... Nilidhani ni kazi ya kijinga."

"Na kazi yangu uliyoifuta? Ile ilipita mikononi mwako?"

Mstari wa mwisho uliobaki kwenye mtu yule ukapinda. Akaketi, akasimama tena. "Hapana. Niliisukuma tu. Sikufungua hata ukurasa wa kwanza." Akamtazama Povu. "Nilikosea."

Mnadhani nilimhurumia? Wapi! Nilitamani arudie, kwa sauti, kwenye kipaza sauti cha redio. Povu aliitikia kwa kichwa mara moja, akaomba apitishiwe chumvi.

Pasi alikuwa na usiku kucha wa kujirudi, na mimi simwamini mtu aliyelala vizuri. Kwa hiyo siku ya baraza nilitangulia kufika, nikatundika koti moja la daktari, la waridi iliyokolea, kwenye mgongo wa kiti changu, mkabala na chake. Mama Mkuu akauliza, "Hilo nini?" Nikamjibu, "Kumbukumbu ya ziara, mama. Nangoja kura ipigwe, kisha nitaisimulia." Pasi akalitazama koti.  Mkono wake ukapanda kuwa wa kwanza: programu iendelee, na alama za binti yule zirudishwe zote. Sikusimulia neno. Nililikunja koti langu taratibu, kama Povu alivyofunga mlango, na hadi nilipostaafu nyumba ile ilibaki ya wanafunzi.

Na hapo hadithi ingeishia, nikaenda zangu kulala. Lakini mke wangu alikuwa ameacha foronya na kuja kusoma begani kwangu.

"Shali gani nyekundu?" akauliza.

"Shali tu."

"Shali aliyoniletea dada yangu? Uliyoniambia imeibiwa kwenye kamba?"

"Mke wangu, hii ni hadithi..."

"Juu hapa umeapa ni kweli tupu." Kidole chake kikagonga karatasi. "Miaka yote hii nimemnunia jirani! Nimempita harusini kama nguzo ya umeme! Sasa nichagulie, baba. Kama ni kweli, mwizi wangu ni wewe. Kama ni uongo, sufuria hizo hapo."

Nikapima kama mshenga mzoefu. Sufuria ni za leo. Shali ni ya maisha.

"Ni uongo," nikasema. "Nimetunga yote."

"Mm."

Akaingia chumbani. Nikamsikia akivuta sanduku langu la chini ya kitanda, lile lisiloguswa. Akarudi na koti la daktari, rangi ya waridi iliyokolea, akalitundika kwenye mgongo wa kiti mbele yangu.

"Nililipata mwaka uliostaafu," akasema. "Nikasema ngoja, ipo siku atalieleza mwenyewe. Sasa hadithi ni kweli, na uongo umeusema dakika hii hii."

Akachungulia dirishani, akamwita jirani kwa jina tamu ambalo sijalisikia tangu ujana wetu. Jirani akaja, mkono mdomoni, haamini kuwa ameitwa. Wakakaa wote wawili kwenye meza ya jikoni, mabega yamegusana.

"Simama," akasema mke wangu. "Kosa lako la leo, na la siku ile. Lenye kichwa na miguu."

Nikasimama, nikalisema. Jirani alicheka mpaka akakamatwa na kwikwi, kisha akaniangalia kwa jicho la mtu aliyenyimwa salamu miaka mingi, na kicheko kikakauka.

"Kwa hiyo mwizi nilikuwa mimi?"

 Nikakunja mikono ya shati, nikashika sponji.

"Shemeji," akasema, akikagua sufuria ya kwanza, "hapa chini bado kuna masizi." Akainuka, akatoka, na tulipodhani amekwenda zake kwa hasira, akarudi amekumbatia za kwake.