Sumaku na Kahawa Iliyopoa

Mtu akiniambia gari lake halijawahi kupigwa rangi, mimi naanza kulizunguka. Hapa mjini Irbid kila muuzaji anakuapia kwamba gari lilikuwa la daktari wa kike, la kwenda kazini na kurudi tu. Huyo daktari sijui alikuwa na magari mangapi. Ndiyo maana natembea na sumaku mfukoni. Ikinata, bati ni la asili. Ikidondoka, chini ya rangi kuna mtu kaziba kitu.

Maneno yangu mengine kuhusu magari nyumbani wameshayachoka. Otomatiki ni gari la mtu anayetaka kula huku anaendesha. Gari la umeme ni simu yenye matairi. Kamera ya nyuma ni ya wavivu wa kugeuza shingo. Benzi langu la zamani halina upuuzi huo hata mmoja, na sijawahi kugusa gari la mtu.

Ijumaa ile wakaja kumposa Rinad, binti yangu wa pekee, niliyemfundisha gia mwenyewe. Alishakataa wachumba wengine. Huyu Mutasim ndiye aliyemtaka, na mke wangu alishaniambia nisije nikaharibu. Wazee wakajaa sebuleni, kahawa ikamiminwa, na Haji Fawwaz, ami wa Mutasim, akakiweka kikombe chake mezani bila kukionja. Kwetu hakinywewi mpaka baba wa binti akubali.

Mimi macho yangu yalikuwa dirishani. Gari la Mutasim, jeupe, la umeme kama nilivyohofia, lilikuwa limeegeshwa chini, na madigadi yake ya kushoto ilikuwa inang'aa kuliko mlango.

"Gari lako limewahi kugongwa?" nikamuuliza, Haji Fawwaz yumo katikati ya hotuba.

Kijana akatazama zulia. "Hapana, ami."

Anayenificha habari ya bati atanificha na mengine: madeni, maradhi, pengine kuna mke mwingine mjini Zarqa. Nikasimama.

"Abu Zaidun, kahawa inapoa," akaniambia Haji Fawwaz.

"Ipoe. Nakuja sasa hivi."

Mutasim akanifuata ngazini. Nikaweka sumaku kwenye mlango wa gari lake, ikanata. Nikaiweka kwenye madigadi, ikadondoka. Nikajaribu juu kidogo, ikadondoka tena.

"Umenidanganya, tena mbele ya wazee. Ulimgonga nani?"

"Sikumgonga mtu. Niligongwa nimesimama."

"Na nani?"

"Yameshapita, ami. Turudi juu."

"Hurudi popote. Nitajie, au wachukue wazee wako muende zenu."

Akainua macho kwenye dirisha la jikoni. Rinad alikuwa pale, kiganja mdomoni. Nikamwona anavyonitazama, na bado nikajiambia afadhali alie leo kuliko kulia kila siku kwa mume mwongo. Mutasim akashusha macho, akayapeleka kwenye Benzi langu.

Nami nikatazama huko. Bampa ya nyuma ilikuwa na mchubuko mweupe uliokuwa umeniudhi muda mrefu. Kosa nilimtwika muuza mboga na mkokoteni wake, na nyanya zake nikaacha kununua. Nikainama, nikapima kwa mkono. Kutoka chini mpaka kwenye mchubuko, na kutoka chini mpaka kwenye ile rangi mpya ya madigadi, ilikuwa kimo kimoja.

"Lini?" nikauliza.

"Siku mama alipokuja na shangazi zangu kumwona Rinad. Nilikuwa nawasubiri ndani ya gari. Wewe ulitoka kwa kurudi nyuma, na jirani yako kando."

Nikaikumbuka siku yenyewe. Nilikuwa nakimbia kelele za wanawake. Tulisikia kishindo, nikamwambia jirani kwamba watoto wameweka tena pipa la taka njiani, tukaenda zetu.

"Na ukanyamaza miezi yote hii?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nakuja kuomba binti. Vioo vyako vilikuwa wazi, nikakusikia unamweleza jirani habari za kamera na shingo."

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikashika la mwisho lililobaki. "Sasa mbona hukupiga honi?"

"Nilipiga, ami," akasema taratibu. "Nilipiga sana."

Sumaku nikairudisha mfukoni. Tukapanda ngazi, yeye nyuma yangu, na wazee wote wakanigeukia nilipoingia.

"Kunyweni," nikasema.

"Imeshapoa," akasema Haji Fawwaz.

"Kunyweni hivyo hivyo. Kosa ni langu."

Akanywa. Jikoni vigelegele vikalipuka. Nikamwita Rinad kando, nikamwekea funguo za Benzi mkononi. Alidhani nataka alisogeze, wageni wapate kutoka. Nikamwambia hapana, kuanzia leo yeye ndiye wa kuliendesha.