Hina ya Mjane

Siku ya arobaini ya Mfaume seremala, hitima ilipokwisha na pilau ikaliwa, shehe wa mtaa alibaki barazani pale Cheyo na jamaa wachache wamalize maneno ya nyumba. Mwamvita, mtalaka wa marehemu, alikuja kutoka Itetemia bila kuitwa na mtu. Alikaa pembeni ya mkeka, vidole kavificha ndani ya kanga.

Kucha zake zilikuwa bado na hina. Wiki aliyozikwa Mfaume palikuwa na harusi kwa jirani, naye akapaka makusudi, watu wasije wakasema anamlilia mwanamume aliyemwacha. Ujeuri wenyewe ulikuwa wa mbele za watu tu. Akiwa peke yake aliuma kanga asisikike.

Nyumba ile aliitaka. Udongo wa matofali yake aliukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, na Mfaume akachonga mlango wa mninga. Kisha watoto hawakuja, ndugu wakaleta chokochoko, na siku moja ya hasira Mfaume akatoa talaka, moja. Mwamvita akabeba sanduku lake, akaenda kukaa eda kwa dada yake.

Miaka yote kilichomuuma zaidi ni chumba cha uani, kile walicholala wawili. Mfaume alipangisha vyumba vingine, hicho akakifunga. Mwamvita kila akipita njia ya nyuma aliona dirisha limefungwa, akajiambia, kinyongo gani hiki, nilipolala mimi hata mpangaji hapamfai?

Issa, mdogo wa marehemu na ndugu pekee aliyebaki, hakungoja kuulizwa. "Shehe, mtalaka harithi. Kama mama huyu ana njaa, apewe sahani ya pilau aende zake."

Mama huyu! Issa aliyekuzwa kwa uji wa Mwamvita. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Siombi urithi," Mwamvita alisema. "Naomba jasho langu. Nusu ya kuta hizi ni mikono yangu."

Majidi, rafiki wa marehemu, fundi cherehani aliyehamia Urambo zamani na kuja kwa ajili ya hitima tu, akaweka kikombe chini. "Mtalaka yupi? Shemeji? Mfaume si alimrejea, tena eda haijaisha! Mashahidi tulikuwa mimi na Issa, hapahapa barazani. Issa akatumwa kumwita, akarudi na jibu kwamba shemeji hataki hata kumwona."

"Hakuja mtu," Mwamvita alisema. "Wallahi, Majidi, hakuja mtu."

Shehe akamgeukia Issa. Issa alikuwa ananyofoa nyuzi za mkeka. "Walikuwa wakigombana kila siku kwa ajili yangu," akasema mwishowe. "Nilijua akirudi, mimi nitaondoka."

"Na Mfaume alivyo na kichwa kigumu, hakwenda kuuliza mwenyewe," Majidi alisema. "Ila chumba alikataa kukipangisha. Alikuwa akisema, ni chake, hasira zikimpoa atarudi."

 Hasira za Mwamvita zilikwisha kupoa kabla eda haijaisha, na miaka yote hiyo alikuwa akingoja aitwe.

Shehe akatoa neno. Mke aliyerejewa ndani ya eda ni mke, ajue asijue. Kwanza nusu ya nyumba kwa jasho lake, kisha robo ya iliyobaki, maana marehemu hana mtoto. "Sehemu kubwa ni yako, mama."

Mwamvita alikuwa ametoa mikono nje ya kanga, anaitazama. "Shehe, mjane aliyepaka hina naye hajui kama ni mjane, ana dhambi?"

"Asiyejua hana dhambi."

"Mume wangu amefariki," akasema, kama anayewapasha habari, na hapo ndipo alipolia mbele za watu. Alipoweza kusema tena aliuliza, "Eda yangu imebaki siku ngapi?"

Wakati shehe anahesabu, Issa alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mkekani bila kuinua uso. Mwamvita akauchukua, akaenda uani. Ndani vumbi lilikuwa limetanda, na kitanda kimetandikwa kwa mito miwili. Akafunga mlango, akakaa upande wake.