Jina la Kumi na Nane

Kamati ndogo ya uchaguzi ilizaliwa msibani. Mwaka ule watu kumi na saba walikufa kwa kukanyagana kwenye foleni ya kupiga kura, na Bunge, badala ya kuona haya, likaunda kamati. Tangu hapo kila kikao hufunguliwa hivi: wajumbe wanasimama, karani anasoma majina kumi na saba, wanaketi, wanaanza kubishana.

Karani ni mimi. Miaka kumi na tisa nasoma majina ya watu, na la kaka yangu halimo.

Alikufa palepale, foleni ileile. Lakini orodha ya marehemu ilinakiliwa kutoka daftari la wapiga kura, na kaka jina lake lilikuwa limerukwa. Alikwenda pale kulalamika. Basi kwa kamati hakuwa mpiga kura, kwa hiyo hakufia kura. Upuuzi mtupu, na nimeusoma kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kila siku ya kikao nikirudi, Mama huniuliza, "Wamemsoma?"

"Bado, Mama. Subira yavuta heri."

"Heri yenyewe inavutwa na kobe?"

Kila mwenyekiti huliweka ombi langu la kuongeza jina la kaka kwenye Mengineyo, mwisho kabisa wa ajenda, wajumbe wakiwa wameshaanza kutazama saa. Wakibaki chini ya watano akidi imevunjika, na bila akidi hakiandikwi kitu.

Jana kilikuwa kikao cha mwisho. Kazi zetu zinahamia kamati kubwa, ambako hakuna desturi ya kusoma jina la mtu. Asubuhi mwenyekiti, mzee mwenye maneno matamu, aliniambia, "Dada, leo lako litapita. Ondoa wasiwasi." Nikawaongezea chai. Nikafunga na madirisha, wasisikie madereva wao wakiwasha magari.

Wakajadili makabati yetu yapelekwe wapi. Saa nzima, makabati! Mmoja akatoka na simu sikioni, mwingine akamfuata. Tulipofika Mengineyo walibaki wanne.

"Pole sana, dada," mwenyekiti akasema akifunga jalada. "Akidi."

Walipoondoka nilisimama peke yangu, nikasoma majina yote kumi na saba, kisha la kaka. Nililia, sikufichi. Kalamu nilikuwa nayo mkononi na kitabu cha kumbukumbu kiko wazi mbele yangu, na bado sikuandika. Kazi imeniharibu kiasi hicho.

Nyumbani nilimkuta Mama mlangoni, amevaa nguo yake nzuri.

"Wamemsoma?"

"Wamemsoma, Mama."

"Walisimama?"

"Wote."

Akashusha pumzi, akaketi kizingitini.

"Kesho niletee hiyo karatasi yenye jina lake," akasema. "Kusoma sijui, lakini utanionyesha lilipo, niliguse."

Nikamwambia nitamletea.